Jina Kaburini, Jina Gazetini

Tanzia na taazia ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kumliwaza mfiwa. Kiswahili kiliyagawia kazi: tanzia ikawa habari ya kifo, taazia ikawa maliwazo na sifa za aliyetutoka. Anayetafuta nasaba yake hana budi kuuzingatia mgawanyo huo. Tanzia humwambia nani amekufa na lini. Taazia humwambia waliobaki walitaka marehemu akumbukwe kwa lipi. Mara nyingi mawili hayo hayapatani.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiufuatilia ukoo wa bibi mzaa mama, uliokaa Pangani. Makaburi hayakunipa mengi. Mawe yasimamishwayo kichwani na miguuni mwa kaburi tunayaita mashahidi, lakini mashahidi wengi wa pwani yetu ni mabubu. Maandishi yalikuwa ya wenye uwezo. Pale Gede, karibu na Malindi, lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Na Kunduchi makaburi ya wakubwa yalipambwa kwa nguzo na bakuli za Kichina. Mwanamke aliyelima shamba la minazi la mtu mwingine alitosheka na vipande viwili vya matumbawe.

Hata penye maandishi, msomaji na asiende mbio. Mwaka wa Hijria hupungukiwa siku zipatazo 11 na ule wa miladi, hivyo miaka 33 ya Hijria hukaribia 32 ya miladi. Miezi nayo huenda ikatajwa kwa hesabu ya kwetu: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Tena siku ya Mswahili huanza jua linapotua. Aliyefariki “usiku wa Ijumaa, saa nne” amefariki Alhamisi usiku kwa hesabu ya ofisini, na mtafiti asiyelijua hilo atadhani kaburi na daftari la serikali vinazungumzia watu wawili.

Magazeti yalinifaa zaidi, ingawa nayo yana upendeleo wake. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilipokea barua na habari kutoka miji mbalimbali. Waliojua kusoma na kuandika ndio walioandika. Kwa hiyo aliyekuwa na mwana mwalimu au karani alikuwa na nafasi ya kutajwa, na asiye naye alizikwa kimya. Wanawake waliingia kwa mgongo wa watoto wao: “mama yake mwalimu wetu”, basi. Ukurasa unakupa jina la mwana, cheo chake na kituo chake cha kazi, na aliyekufa mwenyewe hana jina.

Hapo ndipo ushairi ulipokuwa msaada, na pia mtego. Tungo za maombolezo hutaja mtaa, maradhi, na hata jina la mama, mambo ambayo mwandishi wa habari aliyapita. Lakini sisi watunzi tunazijua siri za jikoni. “Bin” hugeuka “mwana wa” ili mizani itimie. Abdallah huwa Abdala. Na mji wowote unaomalizikia kwa -ni, ukikaa penye kina cha ni, mimi huutilia shaka mpaka niupate mahali pengine. Pangani ni kina chepesi mno.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni majina yenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, mwaka mmoja tu kabla ya Mambo Leo. Kwa hiyo magazeti hayo yalitoka wakati waliowahi kumilikiwa wangali hai. Majina kama Mabruki, Farijala, Majaliwa na Mtumwa yalikuwa mengi miongoni mwao, na asiyejulikana baba yake huenda akaandikwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa. Ulimwengu unamjua kwa Siti, jina la heshima lililokuja baadaye. Lau angekuwa mtu asiye na sifa, nani angeunganisha majina hayo mawili?

Jina peke yake, hata hivyo, si ushahidi. Wapo wazazi huru waliowapa watoto majina ya unyonge ili kuwakinga na husuda. Lazima kupatikane la pili: shamba la nani, nani aliozesha, nani alimzika.

Kwa mama yake bibi niliyapata yote matatu. Jina lake, la kundi hilo nililolitaja, limo katika kipande cha gazeti kilichokatwa kichwa, ndani ya utenzi mfupi wa jirani yake. Mjomba wangu, mzee mwenye hekima nyingi, alikwisha kuandika shajara ya ukoo inayomruka bibi huyo na kuishia kwa nisba ya Kishirazi. Nilimsomea utenzi ule. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, mama yangu alikuwa akimwita kwa jina hilo akidhani sisi tumelala.”

Tumekubaliana liingie katika shajara, pamoja na jina la mwenye shamba. Hapa silitaji, kwa kuwa ruhusa niliyopewa ni ya shajara tu. Nisba ya Kishirazi mjomba hakutaka kuifuta, nimeiacha, na kando yake nimeandika kwa mkono wangu: “Haijapatikana kaburini wala gazetini.”