Riwaya ya Karakana

Orodha ya istilahi za sanaa iliyonifikia hivi karibuni imeandika "riwaya ya kisanaa" mahali palipotakiwa kutajwa riwaya anayoitunga mchoraji au mchongaji kama sehemu ya sanaa yake, sawa na turubai au sanamu. Kisanaa! Kwani Shaaban Robert aliandika zisizo za kisanaa? Waheshimiwa wa kamati iliyoandaa orodha hiyo wangejiuliza hilo kabla ya chai ya saa nne, tungepumzika.

Mwenzetu mwingine, asiyekosa kongamano, ameng'ang'ania "riwaya ya msanii". Lina nafuu, ila msanii kwetu ni mwimbaji, ni mwigizaji, na ni mtunzi wa riwaya mwenyewe. Basi riwaya zote ni za wasanii. Tena mtaani ukisikia fulani anafanya usanii, shika mfuko wako. Kuna hata waliopendekeza "riwaya ya msanii wa sanaa za ufundi", jina refu kama gari moshi.

Langu ni riwaya ya karakana. Nililipendekeza kwa kamati kwa barua, na barua haikujibiwa.

Karakana ni neno lenye asili ya Kiajemi: kar ni kazi, khana ni nyumba. Wahindi nao wanalo. Kar hiyohiyo imo ndani ya serikali, ambayo kwa Waajemi ni sar, yaani kichwa, na kar, kazi. Ajabu ni kwamba wanaolipwa na serikali wanaionea haya karakana. Wanasema karakana inanuka grisi. Na inuke! Sanaa yenyewe tumeipata kwa Waarabu kutoka mzizi wa kutengeneza, unaozaa pia neno lao la viwanda, na Kiswahili cha zamani kilimwita mfua chuma msana. Riwaya nayo inatoka kwenye mzizi wa kusimulia ambao ni wa kuteka maji pia: rawiya alikuwa ngamia mbeba maji kabla ya kuwa mpokezi wa mashairi. Kwa hiyo ndani ya riwaya ya karakana kuna mzigo na kuna nyumba ya kazi. Kamati ilitaka nini zaidi?

Andy Warhol ananiunga mkono bila kujua. Studio yake ya New York iliitwa Kiwanda, na humo ndimo ilimotoka riwaya yake ya 1968, yenye jina la herufi moja, a. Hakuandika. Alimfuata rafiki yake Ondine na kinasa sauti, kisha kanda zikapewa wachapaji. Mmoja wao, Maureen Tucker, mpiga ngoma wa Velvet Underground, alikataa kuchapa matusi. Makosa ya tahajia yakaachwa kama yalivyo, kwa kuwa Warhol aliyataka. Hapo utasema msanii kaandika, au karakana imezalisha?

Jill Magid, Mmarekani, alipewa kazi ya sanaa na idara ya usalama ya Uholanzi. Akakutana na maofisa wake, akatunga kitabu juu yao, idara ikataka sehemu zifutwe. Mwaka 2009 muswada ukawekwa chini ya kioo katika jumba la Tate Modern, London, usisomeke. Maonyesho yalipokwisha, idara ikauchukua. Kuchukuliwa huko nako ni sehemu ya kazi, jambo ambalo "kisanaa" haliwezi kulibeba hata kwa toroli.

Riwaya ya karakana isichanganywe na riwaya yoyote tu ya mchoraji. Salvador Dalí alichapisha Hidden Faces mwaka 1944, nayo ni riwaya ya kawaida ya mtu aliyechora. David Maroto na Joanna Zielińska, ambao tangu 2011 wamekuwa wakikusanya riwaya za wasanii katika mradi wa The Book Lovers, wao huitazama riwaya ya namna tunayoizungumzia kama nyenzo ya sanaa iliyo sawa na video au usakinishaji.

Matumizi: wingi ni riwaya za karakana, mtungaji wake abaki msanii, hilo silipingi. Nakala ya makala hii naituma kwa kamati, kwa rejesta safari hii.