Kutoka Kinywani hadi Kitabuni: Lugha na Maandishi ya Maneno Matakatifu katika Wilaya ya Rungwe

Katika dini ya Kihindu, mantra huaminika kuwa na nguvu inapotamkwa kwa usahihi. Mantra za Veda, zilizotungwa kwa Kisanskriti cha kale, zilirithishwa kwa kukaririwa karne nyingi kabla ya kuandikwa. Hati ya Devanagari ilikuja baadaye. Hivyo, utakatifu wake ulikaa katika sauti. Je, kwa Wanyakyusa wa Rungwe ulikaa wapi?

Kabla ya wamisionari kufika, Kinyakyusa hakikuwa na maandishi. Maombi ya jamii yalifanyika kwa kinywa, hususani katika msitu mtakatifu wa Lubaga, kitovu cha ibada ya Lwembe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, anaonesha kuwa uzito wa maombi haukuwa katika kukariri maneno maalumu. Jambo la msingi lilikuwa haki ya msemaji na hali ya moyo wake. Mwenye kinyongo alipaswa kukitamka, kisha kupuliza maji kutoka kinywani kuwa ishara ya kuachilia hasira. Maombi ya mwenye kuficha hasira hayakutarajiwa kuleta heri.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika kutoka Ujerumani, wakaanza kukiandika Kinyakyusa kwa alfabeti ya Kilatini. Lugha hiyo ina irabu 7, ilhali alfabeti hiyo ina herufi 5 tu za irabu. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kuongeza alama, au kumwachia msomaji akamilishe kwa sikio lake. Badiliko kubwa zaidi lilihusu jina Kyala. Kwa mujibu wa Wilson, Kyala alikuwa miongoni mwa mashujaa wa kale walioabudiwa. Wamisionari walilichagua jina hilo kumtaja Mungu Muumba. Jina lilibaki lilelile, maana ikapanuka.

Kutokana na hayo, inadhihirika kwamba maandishi hayakuhifadhi tu neno takatifu, bali yalihamisha mamlaka juu yake. Sala iliyochapishwa iliweza kusomwa na kijana yeyote aliyejua kusoma, hata asiye na nasaba ya kusema Lubaga. Hata hivyo, kitabu hakikuweza kumuuliza msomaji kama moyo wake una kinyongo. Swali hilo lilibaki kwa wanaomsikiliza.