Gari la kukodi: Nairobi au Arusha?

Wadau, rafiki yangu anakuja likizo Arusha kutokea Nairobi. Kaniuliza: akodi gari huko huko au hapa kwetu? Nikamkumbusha Februari 1977. Zama hizo watalii wengi walikodi magari Nairobi, wakavuka Namanga kuona Ngorongoro na Serengeti, kisha hao, wakarudi Kenya. Tanzania ikachoka, ikafunga mpaka. Magari ya watalii ya Wakenya yakazuiliwa, wageni wakakwama. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Je, watalii walihamia kwetu? Wapi! Wengi walibaki Kenya, Arusha ikadoda. Mteja hafungiwi mlango, anavutwa kwa bei na huduma. Nimemwambia apande basi, akodi hapa. Nimekosea, wadau?