Kupunguza vipimo vya picha kwa mkupuo
Ni kuipa kompyuta folda nzima ya picha izipunguze zote kwa amri moja. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ilhali skrini ya Full HD huonyesha 1920 kwa 1080 tu. Ziada hujaza diski bure. ImageMagick, programu huria iliyoanzishwa na John Cristy mwaka 1987, huifanya kazi hii kwa amri ya mogrify. Uwiano wa pande hubaki vilevile, hivyo picha hiyo ya 6000 kwa 4000 ikipunguzwa itoshee skrini ya Full HD hutoka 1620 kwa 1080. Ila mogrify haina huruma: hufuta faili asilia na kuweka iliyopunguzwa, bila kuuliza. Nakala zihifadhiwe kwanza kwenye folda nyingine.