Mbono kaburi: Asili finyu, mavuno haba

Mbono kaburi, uitwao kitaalamu Jatropha curcas, ni mmea wa ua na mipaka unaofahamika Pwani, kuanzia Mkomani hadi Malindi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mabaharia Wareno ndio wanaosadikiwa kuuleta Afrika. Kwa kuwa mbegu zilizovuka bahari zilikuwa chache, nao hupandwa pia kwa vipandikizi, mibono ya Afrika inakaribiana mno kinasaba. Hivyo watafiti hukosa pa kuchagua mbegu bora, na ugonjwa mmoja waweza kufyeka shamba zima. Mwaka 2009, utafiti nchini Kenya ulibaini kuwa wakulima waliotumaini dizeli walivuna kidogo mno, ukashauri mbono ubakie ua.