Mama aliuliza: rezo yetu inapotelea wapi? Historia ya ujumbe Nyunzu, tangu reli mpaka satelite

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta swali la mama mmoja muhami.

Mama huyu alikimbia kijiji chake wakati wa vita kati ya Waluba na Watwa. Nilimkuta chini ya muembe, telefone mkononi, akingoja mesaje ya feza kutoka kwa mtoto wake aliye Lubumbashi. Saa mbili zilipita. Dukani wakamwambia: "Mama, rezo ni dhaifu." Akanigeukia: "Mwanangu, wewe mtu wa redio, hebu niambie, hii rezo inapotelea wapi?"

Sikuwa na jibu la mkato. Hata mimi, usiku huohuo, sauti ya dakika tatu niliyotuma Kalemie ilifika asubuhi. Basi tuanze mbali kidogo, maana ujumbe wa Nyunzu haukuanza kuchelewa jana.

Wazee wetu walijua reli kabla ya simu. Njia ya Kabalo mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ilimalizika 1915. Ina kilomita 273 na inapita hapa kwetu. Ilijengwa kwa ajili ya kupitisha mali, na wakati ule pia kwa ajili ya vita vya Wabelgiji na Waingereza dhidi ya Wajerumani kwenye ziwa. Ujumbe wa waya ulikuwa wa kazi ya reli na serikali. Mkulima wa Nyunzu aliona nguzo zikipita, lakini barua yake ilingoja treni. Kuanzia 1911 Wabelgiji walianza pia kujenga vituo vya ujumbe usio na waya, toka Banana kwenye bahari mpaka Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi. Navyo vilikuwa vya watawala. Mazoea ni hayo tangu mwanzo: njia inapita kwetu, lakini haikukatwa kwa ajili yetu.

Kisha ikaja fonie. Misheni na wafanyabiashara waliitumia, na wengi wetu tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka: unapanga mstari, unangoja saa yako, unasema maneno ya siri ya jamaa mbele ya watu kumi, na mwisho unasema "over". Wakati huo Zaire ilikuwa tayari na kituo cha satelite huko N'Sele karibu na Kinshasa, na tangu 1986 kampuni Telecel ilikuwa imeanza kuleta simu za mkononi. Lakini simu zile zilikuwa za mawaziri na matajiri. Vita vilipoanza 1998, Kalemie ikawa mikononi mwa RCD, Kinshasa na Lubumbashi zikabaki upande mwingine, na reli ikanyamaza. Familia zilikaa miaka bila kujua nani yuko hai. Ndiyo maana Radio Okapi ilipoanza Februari 2002, watu walisikiliza majina na habari kama wanaongojea mkate.

Simu za watu wa kawaida zilienea inchini katika miaka hiyohiyo ya amani kurudi. Mwaka 2012 ikaja feza ya kwenye telefone. Tangu hapo antene si kitu cha salamu tu. Kwa muhami, antene ni soko, ni banki, ni mkono wa mtoto aliye mbali.

Sasa turudi kwa mama. Rezo inapotelea wapi?

Ujumbe ni kama mtu wa safari. Kwanza anatoka kwenye telefone mpaka antene. Antene inaishi kwa mafuta na nguvu ya jua. Barabara ikiharibika na mvua, mafuta yanakawia, na antene inalala. Kutoka hapo ujumbe unaruka kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, ao unapanda kwenye satelite. Satelite za zamani ziko juu karibu kilomita 36 000. Kupanda na kushuka, kisha jibu nalo kupanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha hata kama hakuna mtu mwingine njiani. Ndiyo maana unasema "halo", na jibu linakuja wakati umeshasema "halo" ya pili. Hapo kosa si telefone yako, ni urefu wa njia.

Lakini kuna kosa lingine: njia nyembamba. Jioni kila mtu anafungua video, na antene moja inagawa kidogo ilicho nacho kwa watu wote. Alfajiri ileile rezo inakimbia. Urefu wa njia haubadiliki saa za usiku, lakini msongamano unabadilika. Tofauti hii ndiyo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayowafanya wanunue mega mpya bure.

Mwisho wa safari ni bahari. Inchi yetu kubwa iliunganishwa na kebo ya baharini WACS pale Muanda mwaka 2013 tu. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Lukuga yetu inatoa maji ya ziwa Tanganyika, inayamwaga kwenye Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Mwisho wa 2019 mto ulifurika sana. Januari 2020 mchanga na matope yaliyokusanyika mdomoni mwa mto yaliporomoka chini ya bahari zaidi ya kilomita 1 100, yakakata kebo mbili, WACS na SAT-3. Agosti 2023 maporomoko mengine palepale yalizikata tena, na matengenezo yakachukua karibu mwezi mzima. Kwa hiyo maji yanayopita katika teritware yetu yanafika mpaka pale kebo zinapokatikia.

Na si maji tu yanayokata. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti inchi nzima karibu wiki tatu. Satelite mpya za Starlink, ambazo ziko juu kilomita 550 hivi tu na jibu lake ni la haraka, zilikatazwa kwetu Machi 2024, kisha zikaruhusiwa Mei 2025. Lakini chombo chake kina bei, na muhami hawezi kukinunua peke yake. Kama hatukai pamoja na kuuliza chombo kinachowekwa kwa shirika ao kwa duka kitasaidia nani, itakuwa tena ile reli ya 1915.

Basi, mama na ndugu zangu, kabla ya kulaumu, fanyeni hivi. Muulize jirani mwenye rezo ileile: kama yake inakwenda, kosa ni kwenye telefone yako. Izime, iwashe, toka nje ya nyumba ya mabati, funga programu zinazokula mega kwa siri. Kama jirani pia amekwama, jaribu alfajiri. Ikikimbia alfajiri, ni msongamano. Kama hata alfajiri hakuna kitu, antene imelala ao njia ya mbali imekatika, na hapo mega mpya hazisaidii.

Na kuhusu feza: ile namba ya kubonyeza yenye nyota haitumii mega. Ikikatika katikati, usirudie mbiombio. Angalia kwanza salio lako, usije ukatuma mara mbili.

Mesaje ya yule mama iliingia saa kumi na moja asubuhi. Feza zilikuwa zimetumwa tangu jana yake mchana. Alicheka, akasema: "Kumbe haikupotea. Ilikuwa njiani." Kisha akaenda kununua unga.