Selimundu: miezi sita ya salama, karne nzima ya kuitafuta tiba

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Hunyonya, hucheka, huongezeka uzito kliniki, na mama hana la kumtia shaka. Kisha, akifika mwezi wa sita au wa saba, usiku mmoja anaamka na kilio kisichobembelezeka. Taa ikiwashwa, viganja na nyayo zimevimba na zina joto, na ukimgusa kidole kimoja tu anapiga ukunga. Kunapokucha majirani wanakuwa na majibu tayari: ameanguka, amelaliwa, ametupiwa jicho baya. Wengine huanza kumtazama mama, au wifi aliyepita wiki iliyotangulia.

Jibu la kweli limo ndani ya damu ya mtoto, na lilikuwamo tangu siku mimba ilipotungwa. Lakini kwa nini miezi ile ya mwanzo ilikuwa salama? Swali hilo, ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa namna hii angeweza kuliuliza, ndilo lililowapa wataalamu ufunguo wa dawa tulizonazo leo. Njia ya kufika huko imechukua zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa yake ilipita hapa kwetu Afrika Mashariki.

Ugonjwa wa kale, jina jipya

Afrika iliujua ugonjwa huu kabla ya hospitali. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana, ambaye ukoo wake mwenyewe umeubeba, aliufuatilia kizazi kwa kizazi hadi mwaka 1670. Alieleza kwamba lugha za kwao zina majina yake, na majina hayo hurudia sauti ileile kama maumivu yanavyorudi: kabila la Waga huuita chwechweechwe.

Katika maandiko ya kitabibu ya Magharibi, habari inaanzia Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1904, Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alikwenda Hospitali ya Presbyterian akikohoa na akiwa na kidonda cha kifundo cha mguu. Daktari kijana, Ernest Irons, alimtoa damu na kuiweka chini ya hadubini. Badala ya chembe za mviringo aliona nyingine nyembamba, ndefu, zilizopinda na kuchongoka ncha. Akamwita mkubwa wake, James Herrick, ambaye aliandika habari hiyo mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kung'oa na kuziba meno, na akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32.

Mwaka 1922 daktari Verne Mason aliupa ugonjwa jina kutokana na umbo la chembe hizo, umbo la mundu. Kiswahili kimeunganisha maneno mawili, seli na mundu, tukapata selimundu, ingawa mitaani wengi bado husema sikoseli. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliuhesabu kuwa ugonjwa wa watu weusi. Walikosea. Umeonekana pia Ugiriki, Arabuni na India, na sababu ya kuenea hivyo ilikuja kugunduliwa karibu na Ziwa Viktoria.

Tone la damu kwenye kioo

Kipimo cha zamani cha selimundu ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kukibeba katika mkoba. Fundi wa maabara huweka tone la damu juu ya kioo, akalichanganya na dawa inayonyonya hewa ya oksijeni, akalifunika kwa kioo chembamba na kusubiri. Mwanzoni chembe nyekundu ni za mviringo, zimebonyea katikati kama vitumbua vilivyokandamizwa kwa kidole. Hewa inapokwisha, zile zenye kasoro huanza kuvutika. Ukingo mmoja unachongoka, kisha wa pili, na baada ya muda uwanja mzima wa hadubini umejaa miundu midogo.

Ndivyo inavyotokea ndani ya mwili. Chembe hubeba oksijeni kwa rangi yake nyekundu, himoglobini. Kwa mwenye selimundu, himoglobini ikishaishusha oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja chembe nzima. Chembe iliyokunjika hukwama katika mishipa myembamba kama mti uliokingama kwenye mfereji, na kiungo kilicho mbele yake hukosa damu. Kwa mtoto mdogo hukwama katika mifupa ya mikono na miguu, kwa mkubwa mgongoni na kifuani, na ikikwama kwenye ubongo huleta kiharusi. Tena chembe hizo hufa mapema: badala ya kuishi siku 120 kama za wengine, huishi kati ya 10 na 20 hivi. Ndiyo maana wagonjwa hupungukiwa damu na macho yao huwa ya manjano.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ina tofauti ya kimaumbile na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Miaka michache baadaye, Cambridge, Vernon Ingram alipata kosa lenyewe: katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo cha sita kimebadilishwa.

Kijana wa Bonde la Ufa

Mwaka huohuo wa 1949 mwanafunzi wa Oxford, Anthony Allison, alijiunga na msafara wa chuo chake kuja Mlima Kenya. Alizaliwa Afrika Kusini, lakini alikulia Kenya, katika shamba linalotazama Bonde la Ufa. Kazi yake msafarani ilikuwa kukusanya damu za makabila mbalimbali, na kipimo cha selimundu kilikuwa mojawapo ya vipimo alivyofanya.

Hesabu zilimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba chembe ya kurithi ya selimundu, yaani kinasaba chake. Nyanda za juu hakufika hata mmoja katika 100. Kama chembe hiyo inaua watoto, kwa nini haijatoweka? Na kwa nini inawakaa watu wa mabondeni na kuwapita wa milimani? Allison, aliyekulia nchi hii, alijua kitu kingine chenye ramani ileile: mbu wa malaria.

Alirudi mwaka 1953 akiwa daktari kamili. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 247 wasio na chembe hiyo, 113 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 43 walioibeba, walikuwa 12 tu. Kisha watu wazima 30 wa Kijaluo walikubali kuambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasiobeba chembe hiyo, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walioibeba, ni 2. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa kirahisi leo, na watu hao 30 wanastahili kukumbukwa, kwa kuwa elimu inayosomwa vyuoni duniani kote ilitoka katika mishipa yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Maana yake ni hii. Mtu aliyerithi chembe moja yenye kasoro na moja nzima, ambaye hospitali humwandika AS, haumwi selimundu, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa karne nyingi chembe hiyo iliokoa maisha ya watoto wa pwani na wa ziwani. Gharama yake inalipwa pale AS wawili wanapooana. Katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Nusu kupata AS kama wazazi. Na robo kupata AA asiye na chembe hiyo kabisa. Hakuna mgonjwa aliyeupata kwa mama peke yake. Kila mwanamke aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mtoto wa sikoseli amehukumiwa kwa kosa ambalo hakuna mtu aliyelitenda.

Siri ya miezi sita

Turudi sasa kwa yule mtoto na miezi yake ya salama. Mwaka 1948, Brooklyn, New York, daktari Janet Watson aliona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi kasoro hii ilikuwa na chembe chache mno zilizokunjika. Alieleza kwamba mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, na hiyo ndiyo inayomlinda. Akishazaliwa, mwili huizima kidogo kidogo na kuwasha ile ya utu uzima. Karibu miezi sita ikifika kinga imekwisha, na vidole vinavimba.

Basi swali likawa: je, himoglobini ya tumboni inaweza kuwashwa tena? Jibu lilitoka kwenye dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1869 na baadaye kutumiwa kwa saratani, haidroksiyurea. Mwaka 1995 utafiti wa watu wazima 299 Marekani na Kanada ulionyesha kwamba inapunguza vipindi vya maumivu makali kwa karibu nusu. Lakini watu walihofia kuileta Afrika: je, mtoto aliyezungukwa na malaria na maambukizi ataistahimili? Jibu lilipatikana Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ambako watoto 606 waliitumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua.

Kabla ya hapo kulikuwa na ushindi mwingine usio na kishindo. Selimundu huharibu bandama mapema, na mtoto asiye na bandama nzima anaweza kuuawa kwa siku moja na kijidudu ambacho mwenzake angekishinda. Mwaka 1986 utafiti ulioongozwa na daktari Marilyn Gaston wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku, dawa ya bei ndogo kabisa, ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote waipate.

Uloto mpya, damu mpya

Damu hutengenezwa katika uloto, ute ulio ndani ya mifupa. E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kujaribu kuupandikiza uloto mwaka 1957, wagonjwa wake wa mwanzo wakafa, naye hakuacha. Mwaka 1990 alipata Tuzo ya Nobel. Selimundu iliingia katika habari hii kwa njia ya saratani. Memphis, msichana wa miaka 8 mwenye selimundu alipata pia saratani ya damu, na madaktari wakampa uloto wa mdogo wake wa kiume. Saratani ilipona, na selimundu nayo ikaondoka. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 1984.

Mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake, kisha chembe za ndugu yake huingizwa mshipani kama chupa ya damu ya kawaida, nazo hujitafutia njia hadi mifupani. Shida ni kumpata ndugu anayelingana: kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano ni robo. Tanzania ilianza kuwapandikiza uloto watoto wa selimundu mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na familia ambazo zamani zilichangishana nauli ya India zikaona tiba imesogea nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba. Chembe za uloto wa mgonjwa mwenyewe hutolewa, swichi inayozima himoglobini ya tumboni hukatwa, na chembe zikarudishwa. Ni wazo la Janet Watson, miaka 75 baadaye. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Deni letu

Kila mwaka huzaliwa duniani watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu, na karibu robo tatu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania pekee inakadiriwa kupata kati ya 11,000 na 14,000. Profesa Julie Makani na wenzake, walioanza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa Muhimbili, waliripoti mwaka 2011 habari za wagonjwa 1,725: vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Na hao ni waliofika kliniki. Wengi hufa wakiwa na cheti cha malaria au cha upungufu wa damu, bila yeyote kujua walichokuwa nacho.

Tiba ya dola milioni mbili haitawafikia watoto hawa karibuni, na uloto utawafikia wachache. Lakini wengi wao wangeweza kuishi kwa vitu vinavyopatikana: penisilini, chanjo, chandarua, haidroksiyurea, maji ya kunywa ya kutosha na mzazi anayejua homa ipi haisubiri asubuhi. Vyote hivyo vinategemea jambo moja, kujua mapema. Tone la damu la kisigino linatosha, na siku hizi kuna kipimo kinachofanana na kile cha malaria, kinachotoa jibu ndani ya nusu saa palepale wodini.

Wizara zetu za afya zinapaswa kukiweka kipimo hicho katika kila wodi ya wazazi, kama zilivyoiweka chanjo ya kifua kikuu. Vijana wanaotaka kuoana wapime ili wajue, wasibaguane. Na wewe mzazi uliyejifungua juzi, usisubiri vidole vya mtoto vivimbe. Mwili wake umempa miezi sita. Mpeleke akapimwe ndani ya miezi hiyo.